Lidcombe kwa simu ya video: mtibu ni mzazi

Tiba hii ya kigugumizi, iliyobuniwa Sydney kwa watoto wasiofika miaka 6, inafaa kwa video kwa sababu anayetibu ni mzazi. Mtaalamu humfundisha na kumfuatilia, mara moja kwa wiki. Kila siku chezeni au tazameni kitabu cha picha dakika 10 hadi 15. Mtoto asipokwama, msifu: "Hapo umetiririka!" Sifa ziwe nyingi kuliko masahihisho. Wengi huharibu hapa: mchezo unageuka mtihani, mtoto ananyamaza. Jioni andika alama ya ukali wa kigugumizi siku hiyo, 0 (hakuna) hadi 9 (kikali mno).

Intaneti ikikatakata, hata mtaalamu hajui kilichokwama ni ulimi au mtandao (ndiyo kasoro kubwa ya huduma). Rekodi mazungumzo ya mtoto mapema, umtumie mtaalamu.