Safu ya Tatu: Tathmini ya Daftari la Maombi la Siku 90

Daftari ninalolizungumzia hapa limekusudiwa maombi ya kila siku, nalo limepangwa kwa siku 90, kila siku ikipewa kurasa mbili zinazotazamana. Waliolichapisha sitawataja, kwa kuwa muundo wake unafanana na wa madaftari mengine mengi wanayouziwa Wakristo, na kasoro ninayotaka kuijadili si yao peke yao. Nimefika siku ya 74, kwa hiyo ninaandika kama mtu aliyeishi nalo.

Kwa upande wa utengenezaji sina malalamiko. Karatasi ni nzito, wino haupenyi upande wa pili, na daftari hulala wazi lenyewe bila kushikiliwa, jambo ambalo anayeandika akiwa amepiga magoti atalithamini. Ukurasa wa kushoto una andiko la siku na nafasi ya kutosha ya kutafakari, na maandiko yamechaguliwa kwa busara. Shida iko kulia, kwenye jedwali lenye safu tatu: "Ninachoomba", "Tarehe ya jibu", na "Nitakachompa Mungu akinijibu".

Safu hiyo ya tatu niliijaza kwa moyo wangu wote katika juma la kwanza, dada yangu alipokuwa akisubiri kufanyiwa upasuaji. Niliandika kwamba akipona nitafunga kila Ijumaa maisha yangu yote. Alipona, nami nikajaza tarehe ya jibu huku nikilia kwa furaha. Wiki chache baadaye nilimwombea mtoto wa rafiki yangu, na hali yake ikazidi kuwa mbaya. Usiku ule nilijikuta nikirudi kwenye ukurasa wa dada yangu na kuhesabu Ijumaa zangu, nikagundua kwamba mbili zilinipita bila kufunga, na kwa muda wa siku kadhaa niliamini kwa dhati kwamba mtoto yule anateseka kwa sababu ya deni langu. Sikumbuki kuwahi kumwogopa Mungu kwa namna mbaya kiasi kile. Hakuna andiko lililonifundisha hofu hiyo. Ilitokana na jedwali.

Utangulizi wa daftari unamtaja Abrahamu kama mwalimu wetu wa kupatana bei na Mungu, kwa kurejelea Mwanzo 18, na hapo ndipo ninapotofautiana na waandishi wake kabisa. Ni kweli kwamba sura ile ina mwendo wa sokoni: Abrahamu, akiomba Sodoma isiangamizwe, anaanza na wenye haki 50, anashuka hadi 45, kisha 40, 30, 20, na kuishia 10. Lakini msomaji akitulia atatambua kwamba Abrahamu hatoi chochote. Haahidi sadaka, haahidi kufunga, hasemi kwamba mji ukisamehewa atajenga madhabahu. Anakiri kwamba yeye ni mavumbi na majivu tu, na hoja yake yote inasimama juu ya tabia ya Mungu mwenyewe: "Mhukumu ulimwengu wote asitende haki?" Tena haombi kwa faida yake, bali kwa ajili ya miji ambayo hakuwa mkazi wake. Musa alifanya vivyo hivyo katika Kutoka 32, watu walipoabudu ndama, akamkumbusha Bwana kiapo alichowaapia Abrahamu, Isaka na Israeli. Watu hawa walibishana na Mungu kwa ujasiri unaotisha, wala hakuna hata mmoja wao aliyeweka bei mezani. Kuwaweka chini ya kichwa cha "Nitakachompa Mungu" ni kuwasingizia.

Waandishi wangeweza kunijibu kwamba Yakobo aliahidi zaka kule Betheli, na kwamba Hana aliahidi kumtoa mwanawe kwa Bwana. Ni kweli, na Biblia haizidharau nadhiri. Mhubiri 5:5 yasema ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Hata hivyo, nadhiri ya Hana si malipo ya kawaida, kwa maana anachokiahidi ni kile kile anachokiomba. Asingebaki na mtoto wa kumkumbatia nyumbani, bali na furaha ya kumrudisha kwa aliyempa. Utangulizi unamtaja yeye na Yakobo, ila unanyamaza kuhusu Yeftha wa Waamuzi 11, ambaye nadhiri yake ilimgharimu binti yake wa pekee. Daftari linaloalika watu kuahidi kila siku kwa siku 90 lina wajibu wa kumtaja.

Hofu hutoa ahadi kwa haraka sana. Martin Luther, mwanamatengenezo wa Kanisa wa Ujerumani, akiwa na umri wa miaka 21, alikutwa na radi karibu na Stotternheim tarehe 2 Julai 1505, akamlilia Mtakatifu Anna na kuahidi kuwa mtawa, na siku 15 baadaye alikuwa ameingia monasteri huko Erfurt. Mwaka 1521 alimwandikia baba yake akikiri kwamba nadhiri ile ilikuwa ya kulazimishwa, iliyotoka katika hofu ya kifo cha ghafula. Mimi nilikuwa na hofu kama hiyo nilipoandika juu ya zile Ijumaa, nami ninasikitika kwamba nilikuta nafasi imekwisha kupigiwa mistari, ikinisubiri.

Kasoro ya pili ni ndogo kwa macho lakini si ndogo kwa aombaye: jedwali halina mahali pa kuandika jibu la "hapana". Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba, akaambiwa, "Neema yangu yakutosha." Bwana Yesu mwenyewe aliomba kikombe kimwondokee, kisha akaongeza, "walakini, si kama nitakavyo mimi, bali utakavyo wewe." Maombi hayo mawili, ukiyaingiza katika daftari hili, yangeonekana kama mistari ambayo haikukamilika.

Kwa anayeanza kujizoeza kuomba kwa utaratibu, kurasa za kushoto zinatosha kulifanya daftari hili lifae, nami ningempa mtu bila kusita iwapo ningeweza kwanza kuketi naye na kumweleza kuhusu upande wa kulia. Kwa mgonjwa, au kwa mtu anayeuguza, nisingelipendekeza kabisa katika hali yake ya sasa. Wachapishaji wangeweza kurekebisha kwa kubadilisha maneno machache tu: safu ya tatu ikiitwa "Ninachoshukuru", nadhiri ingepata mahali pake panapofaa, baada ya kipawa na si kabla yake.

Ijumaa bado ninafunga, kwa kuwa niliahidi, ila sizihesabu tena. Katika kurasa 16 za kulia zilizobaki nimekwisha kupiga mstari juu ya kichwa cha safu ya tatu, na chini yake ninaandika majina ya watu ninaowaombea, la kwanza likiwa la mtoto wa rafiki yangu.