Kudai matunzo ya mtoto ukiwa kibarua wa korosho: uzoefu wangu Mtwara

Naandika haya kwa mzazi anayelea peke yake na kazi yake haina ratiba. Mimi ni kibarua kwenye maghala ya korosho hapa Mtwara mjini, nina binti wa miaka mitatu. Msimu uliopita nimetumia huduma za aina mbili: kituo cha kulelea watoto mchana, na usuluhishi wa matunzo ya mtoto kupitia ofisi ya ustawi wa jamii. Kituo nilichoanza nacho kilinishinda, nikahamia kingine. Ustawi nilikuwa nauogopa mno, na ndio ulioniokoa.

Kwanza mjue kazi yenyewe. Korosho zikianza kuanguka, kuanzia kama mwezi wa kumi, zinapita AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima), zinaingia ghala kuu, zinapigwa mnada, halafu mnunuzi anazileta kwenye maghala ya mjini kabla hazijaenda bandarini. Hapo ndipo tunapoingia sisi: kuanika zenye unyevu, kuchambua mbovu na takataka, kujaza na kushona magunia. Malori yakiwa yamepanga foleni na meli ipo gatini, mnafanya hata siku tisa mfululizo, Jumapili ikiwemo. Mvua ikinyesha hakuna kuanika, mnarudishwa getini. Mnada ukisogea mbele, mnakaa nyumbani wiki nzima. Msimamizi anapiga simu usiku, wakati mwingine alfajiri yenyewe, na ukishamkatalia mara mbili, mara ya tatu hupigiwi.

Kituo cha kwanza sitakitaja jina, na haki yao niwape: pasafi, watoto wanakula wakashiba, walimu wanajua kazi yao. Tatizo langu lilikuwa malipo. Sh40,000 kwa mwezi, mwisho tarehe tano, na geti linafungwa saa kumi na moja jioni. Ukichelewa, kila nusu saa Sh1,000. Mwezi wa kwanza nilipata kazi siku kumi na moja tu, nikalipa Sh40,000 ileile. Mwezi uliofuata nilifanya siku ishirini na mbili, tano kati ya hizo tulitoka giza limeshaingia, na faini pekee ikafika Sh19,000. Kibarua cha siku mbili chote kiliishia kwenye faini.

Kilichonitoa pale si fedha lakini. Siku moja nimefika saa moja kasoro usiku, namkuta mwanangu amekaa kwenye ngazi ya mlango, pembeni yake mlinzi. Begi mgongoni, viatu kavaa mwenyewe, cha kulia mguu wa kushoto. Mlinzi akaniambia kavivaa tangu wenzake walipoanza kuchukuliwa, na kila akimwambia avue apumzike anakataa, anasema mama anakuja sasa hivi. Nilimbeba mpaka nyumbani, na sikumrudisha tena.

Pale ghalani kuna dada tunayeshona naye magunia, yeye ndiye aliyeniambia niende ustawi. Nilimpinga wiki mbili. Nilidhani ukifika kule mwanaume anaitiwa polisi, anakasirika, na hata kile kidogo anachotuma kinakatika. Baba wa mtoto ni fundi ujenzi, hatukufunga ndoa, na alikuwa anatuma akijisikia: leo Sh10,000, halafu mwezi na nusu kimya. Wengine walinishauri TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Nilikwenda kuuliza mtaani, nikaelezwa kwamba kaya zinatambuliwa kwa utaratibu wake, kwenye mkutano wa jamii na kwa uhakiki, huendi tu siku moja ukajaza fomu ukalipwa. Nikaachana nayo.

Afisa ustawi niliyemkuta alikuwa mama wa makamo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwanangu, kwa mwezi unatumia kiasi gani kwa huyu mtoto?" Nikashindwa kujibu. Mwezi gani? Wa meli au wa mvua? Hakunikaripia. Alisema, "Basi nenda kaandike. Kila siku uliyokwenda kazini, kila siku uliyorudishwa, mtoto alikaa wapi na ulilipa ngapi. Ukimaliza mwezi uje, na cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki."

Nilinunua daftari dogo la Sh500. Nilikuwa naandika usiku, vidole bado vina utomvu wa korosho zilizopasuka, kwa hiyo kurasa zake zina madoa ya kahawia ambayo hayatoki. "Jumanne, kazini, kwa bibi jirani, Sh1,500. Jumatano, mvua, tumerudishwa saa tatu, bibi kapewa Sh500." Hivyo hivyo mpaka mwezi ukaisha.

Yule mama alinieleza na sheria, nami naieleza hapa kwa sababu wengi hatuijui. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawapa wazazi wote wawili wajibu wa kumtunza mtoto, wawe wamefunga ndoa au hawakufunga. Shauri likifika mahakamani, hakimu anaangalia kipato cha baba na cha mama, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha za pale mtoto anapoishi. Ile Sh100 kwa mwezi tuliyokuwa tukiisikia kwa wazee ilikuwa ya sheria ya zamani, na sheria hii ndiyo iliyoifuta.

Siku ya kikao baba wa mtoto alikuja kanuna. Alianza kusema yeye hana mshahara, leo ana nyumba ya kujenga, kesho hana. Afisa hakubishana naye. Alimsogezea daftari. Mwezi ule nilikuwa na siku kumi na nne za kazi, na siku sita za kufika getini nikarudishwa. Baba alilisoma muda mrefu, akafunua kurasa nyuma na mbele, akauliza, "Na hizi siku sita uliilipa nauli?" Nikamjibu ndiyo. Yeye mwenyewe anaishi kwa kibarua, hesabu ya siku anaijua kuliko hesabu ya mwezi. Sauti ikashuka.

Tulichoandikiana ni hiki: Sh30,000 kila mwezi ya chakula na mavazi, na juu yake nusu ya gharama ya kila siku ambayo mtoto amelelewa kwa sababu mimi nipo kazini. Hiyo nusu haipiti mkononi mwangu. Anaituma kila Jumamosi moja kwa moja kwenye simu ya mlezi, kwa idadi ya siku zilizosainiwa kwenye kadi ya mahudhurio ya mtoto. Tukasaini wote, afisa akagonga muhuri. Akishindwa mara mbili mfululizo, shauri linakwenda mahakamani.

Mlezi wa sasa yupo upande wa Chuno, ana cheti cha usajili ukutani (ulizeni cheti popote mnapopeleka mtoto, msione aibu). Sh2,000 kwa siku, uji na chakula cha mchana vimo, mwisho saa moja usiku, baada ya hapo Sh500 kwa saa. Usiku msimamizi akinipigia, namtumia ujumbe, "Kesho yupo." Anajibu, "Haya." Kasoro yake ni uwanja mdogo, na siku za meli anapokea watoto wengi kuliko ninavyopenda. Nimeshamwambia, akaongeza msaidizi.

Mambo hayajanyooka yote. Mwezi wa pili baba alikaa wiki tatu bila kutuma, ikabidi nirudi ustawi. Safari ya kwanza afisa alikuwa ameenda vijijini, na mimi nilikuwa nimeacha kibarua siku hiyo. Hilo liliniuma. Ofisi za serikali zinafungwa saa tisa na nusu alasiri, saa ambayo sisi tuko juu ya magunia. Safari ya pili baba alipigiwa simu mbele yangu, akalipa deni kwa mafungu mawili.

Ukiwa na kazi kama yangu, anza daftari leo, hata kama ustawi hujaamua kwenda. Weka ujumbe wote wa miamala, usifute hata mmoja. Na mwendee afisa siku ya mvua, maana siku hiyo hakuna kuanika.