Gereji ya Kizota inayopima kabla ya kung'oa

Wenye Spacio, IST, Vitz na Raum hapa Dodoma, hii inawahusu. Kuna gereji Kizota, ukitoka mjini kwa barabara ya Singida. Haina kibao. Ukifika waulize wauza vipuri wakuelekeze kwa fundi mwenye geji ya vakyumu, kile kipimo cha nguvu ya injini kuvuta hewa, watakupeleka hadi mlangoni. Nimeridhika na kazi yake kuliko gereji yoyote niliyowahi kupeleka gari, na naeleza kwa kirefu kwa sababu najua wengi wanavuliwa masega ya gari, yaani kisafisha moshi kilicho kwenye bomba la moshi, bila sababu yoyote.

Mimi nafuata mafuta ya alizeti Singida, nauza soko la Majengo hapa mjini. Spacio langu lina injini ya 1NZ-FE na linabeba madumu karibu kila wiki. Lilianza kuvuja oili kwenye sili ya krenki, ule mpira unaozuia oili kwenye mhimili wa injini. Gereji moja, ambayo siitaji jina, wakabadilisha sili, likavuja. Wakabadilisha gasketi ya tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini, likavuja tena. Baadaye likawa zito kupanda ule mlima baada ya Kintinku kwenda Manyoni, silensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, inapanda na kushuka, na taa ya injini ikawaka. Hukumu ikatoka hapo hapo, bila kupima chochote: masega yameziba, tuyang'oe tuweke bomba tupu, 80,000, na masega yabaki kwao.

Nilikataa. Masega ndiyo yanayochukua monoksidi ya kaboni, petroli ambayo haikuungua na oksidi za naitrojeni, yakazigeuza kuwa kaboni dayoksaidi, maji na naitrojeni. Ndani yana platini, paladi na rodi, ndiyo maana hayakosi mnunuzi. Na mimi nikipakua madumu pale sokoni, watoto wa wenzangu wanacheza usawa wa bomba la moshi. Siwezi kuwavutisha moshi mbichi kwa sababu ya mtu aliyeona uvivu kupima.

Kizota, fundi hakuanza na spana, alianza na karatasi. Aliacha injini ipate moto, akafungua kifuniko cha oili likiwa silensa, akalaza kipande cha karatasi juu ya tundu. Injini inayopumua vizuri huivuta karatasi ikatulia pale. Yangu ilirukaruka, ikapeperuka, na harufu ya oili iliyoungua ikanipiga usoni.

"Mama, hiyo sili unaionea bure," akasema. "Pumzi imekosa pa kutokea."

Akanieleza. Injini yoyote, hata mpya, kuna gesi inayopenya pembeni ya ringi za pistoni na kushuka kwenye krenki. Ni lazima itoke. Magari ya zamani yaliimwaga chini kwa bomba. Haya ya sasa yana vali ndogo, mafundi wanaiita PCV, ambayo inaacha gesi ivutwe kurudi kwenye manifoldi, njia ya kuingizia hewa kwenye injini, ikaungue. Vali ikiziba, msukumo unajaa ndani na oili inatafuta upenyo: kwenye sili, kwenye gasketi, hata kwenye tundu la kijiti cha oili. Utafunga sili mpya mpaka uchoke, nayo itasukumwa vile vile.

Ushahidi ulikuwa kwenye boksi la ea klina, linalokaa filta ya hewa. Upande wa pili wa mfumo huu kuna bomba linaloingiza hewa safi kwenye injini kutoka baada ya filta. Pumzi ikikosa njia yake, inarudi nyuma kwa bomba hilo. Alipofungua boksi, tulikuta oili imekutana na vumbi la kiangazi chetu na kuwa tope jekundu, limeganda pembeni hadi kwenye filta. Miezi ile ya upepo hapa Dodoma, filta ya namna hiyo haina kazi tena. Wale wa mwanzo walibadilisha filta, tope wakaliacha.

Vali yenyewe ilipotoka ilikuwa imejaa uji mweusi. Aliitikisa, kimya, wakati vali nzima hugonga ndani. Bomba la kutoka kwenye vali kwenda manifoldi lilikuwa limekauka na kupasuka kwenye kona, mahali usipoona mpaka ulikunje. Hapo na taa ya injini ikapata maelezo: mashine ilikuwa imesoma kodi P0171, yaani hewa nyingi petroli kidogo, na kompyuta ya gari ilikuwa inaongeza petroli kwa asilimia 22 kufidia hewa iliyoingia kwa kuibia kwenye ule ufa.

Sehemu niliyoipenda zaidi ni ya kununua vali mpya. Dukani jirani kulikuwa na ya kuigiza ya 12,000. Fundi aliileta, akachukua na orijino iliyotoka kwenye gari jingine zima, akanipa kipande cha mpira safi nipulize mwenyewe. Orijino, ukipuliza kutoka upande wa injini, hewa inapita bila shida. Ukigeuza ukapuliza kutoka upande wa manifoldi, inapita kwa kubanwa. Ile ya 12,000 ilipitisha sawasawa pande zote mbili, kwa hiyo si vali, ni kipande cha bomba. Akanionya nisije nikavuta kwa mdomo vali iliyotumika, kwa sababu mabaki ya petroli ndani yake ni sumu.

Tukaagiza orijino Dar, ikaja kwa basi. Baada ya kuifunga pamoja na bomba jipya, karatasi ikarudiwa. Safari hii ilinata. Hilo ni muhimu sana, kwa sababu kama ingeendelea kuruka na vali mpya, ringi ndizo zingekuwa zimekwisha, na hiyo ni gharama ya aina nyingine kabisa.

Yakabaki masega. Fundi alifunga geji kwenye manifoldi, mshale ukatulia kwenye inchi 16 za zebaki. Vitabu vinasema injini nzima isome 17 hadi 21, na fundi asiye makini angeniambia injini imechoka. Huyu alinikumbusha kwamba vipimo hivyo ni vya usawa wa bahari. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu, na kila mita 300 hivi unatoa inchi moja. Kwa hiyo 16 kwetu ni afya. Halafu akapandisha injini hadi mizunguko 2,500 kwa dakika na kuishikilia. Masega yakiziba, mshale huanza kushuka taratibu kwa kuwa moshi unakosa njia. Wangu ulikaa pale pale. Masega ni mazima. Ndiyo yale yale ambayo yangeuzwa.

Kopo la mkaa linalokamata mvuke wa petroli kutoka tangi alilipima haraka: vali yake haitakiwi kupitisha hewa bila umeme, ukiipa umeme inagonga na kufungua. Ikafaulu. Nilimwuliza na kuhusu kusafisha EGR, vali inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, maana niliwahi kutajiwa bei ya kazi hiyo. Akasema 1NZ-FE yangu haina vali ya EGR ya kusafisha, kazi ya vali hiyo inafanywa na mfumo wa VVT-i kwa kupanga muda wa vali za injini kufunguka. Angeweza kunyamaza akachukua hela yangu.

Nililipa kupima kwa mashine 20,000, vali 45,000, bomba 15,000, ufundi pamoja na kusafisha boksi na throto, mlango wa hewa ya injini, 40,000. Jumla 120,000. Sili ile ile iliyolaumiwa haijadondosha tone tangu hapo, silensa imetulia, nyongeza ya petroli imeshuka hadi asilimia 4, na mlima wa Kintinku napanda na madumu yangu bila kubembeleza gia.

Yapo ya kurekebisha. Hawana mashine ya kupima gesi inayotoka kwenye bomba la moshi, kwa hiyo usafi wa moshi wenyewe hatukuupima kwa namba. Fundi alilisema hilo kabla sijauliza, lakini kwa gereji yenye ujuzi huu ni pengo, na ningefurahi sana wakiinunua. Risiti ni ya kuandika kwa mkono. Kivuli hakuna, unakaa juani kwenye tairi. Na kijana mmoja pale alitaka kuosha throto kwa petroli huku injini ikiwa ya moto. Fundi alimzuia kwa ukali, ila kijana huyo asiachwe peke yake na gari la mteja.

Jumapili wamefunga. Siku nyingine fika kabla ya saa mbili asubuhi, maana wanachukua magari machache na kila moja linapimwa kwa utaratibu huo huo. Nenda na kadi ya gari au namba ya chesisi, ndiyo wanayotumia kuagiza vali sahihi kutoka Dar.