Miezi mitatu na programu ya kusahihisha Kiswahili: ngeli inaziweza, "keshafika" imeishinda

Nina kibanda cha kuchapa kazi hapa Busia, karibu na barabara ya mpakani. Insha, barua za maombi ya kazi, katiba za vyama, hotuba za harusi, zote hupita mikononi mwangu, na macho nayo hayana ujana tena. Ndiyo maana nililipia programu hii, shilingi 300 kwa mwezi, ninase makosa kabla mwenye kazi hajarudi na karatasi yake akidai pesa.

Haki yake kwanza. Kwa upatanisho wa ngeli ni moto. Mtu akiandika "kitabu yangu", mstari mwekundu unatokea papo hapo. Imenikamata hata mimi, tena zaidi ya mara moja. Haili bando sana, na kompyuta yangu kuukuu inaimudu.

Taabu iko kwenye vitenzi visaidizi. "Walikuwa wakicheza" ilipigwa mstari, eti wa- imerudiwa. Jamani! Kisaidizi hubeba nafsi yake na kitenzi kikuu hubeba yake. "Keshafika" iliivunja ikawa "kesha fika", kama vile mgeni alikesha njiani. Halafu "atakayeshinda" ikataka niifanye "atayeshinda". Hapo nilicheka peke yangu, wateja wakaniangalia. Hiyo -ka- si uchafu. Kiambishi -ta- cha wakati ujao ni kitenzi "taka" kilichokatwa mkia, na kwenye virejeshi mkia wenyewe ungalipo.

Lililoniudhi hasa ni "ameshakula". Kila nikiiandika, naambiwa nirudishe "amekwisha kula". Jirani yangu wa duka la vitambaa ni Mganda. Akitaka kusema fulani amekwisha kula, husema "amaze okulya". Hiyo "maze" inatoka "mala", kumaliza, na Wabukusu nao wana "khumala" yao yenye maana hiyo hiyo. Kwa Waganda kitenzi bado kimesimama kwa miguu yake. Kwetu sisi kilisagika zamani, kikabaki -me- tu. Nayo -me- ikapoa: ukisema "amelala" humaanishi amemaliza kulala, unamaanisha yumo usingizini. Lugha ikatafuta kitenzi kingine cha kumaliza, ikaokota "kwisha", ikakipitisha kwenye kinu kile kile: amekwisha kula, ameshakula, na sasa vijana wa stendi wanasema "ashakula", -me- wameshaitupa. Waundaji wa programu waliandika kanuni zao kama vile safari iliishia kituo cha kwanza.

(Mteja mmoja Mjaluo aliponisikia nikilalamika alisema kwao "biro", yaani kuja, ndiyo inayobeba wakati ujao: "abiro dhi", nitakwenda. Na Dholuo si Kibantu hata chembe.)

Inapokataa "anakujanga", lakini, niko upande wake. Huku kwetu tunaisema sote, hiyo -nga tumeitoa kwenye lugha za nyumbani, na nikiwa sokoni naitumia bila haya. Kwenye insha ya mtihani mwalimu ataikata alama, na atakayelaumiwa ni mchapaji.

Niliwaandikia nikiwa na mifano sita. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, la adabu, bila yale maneno ya kubandika wanayotuma wengine. Toleo la mwezi uliopita linaipitisha "ameshakula" na limeacha kuigusa "walikuwa wakicheza". "Atakayeshinda" nayo imepona. "Keshafika" bado inakesha. Nimelipia mwezi wa nne. Kwa sasa nawapa nyota tatu.