Gauni la miaka ya 50: nimelinunua, nimelivaa, nimeliuza, sasa ndo naweza kuongea

Hili gauni nimekaa nalo mwaka na miezi, nimelivaa mpaka watu wakanizoea nalo, mwezi uliopita nikaliuza, kwa hiyo sasa nadhani naruhusiwa kuliandikia rivyuu ya haki. Maana rivyuu nyingi za magauni ya zamani zinaandikwa siku ileile parseli imefika, mtu bado ana wazimu wa mapenzi, picha tatu mbele ya kioo, nyota tano, kwisha. Gauni la zamani siku ya kwanza halikwambii kitu jamani. Livae siku ya joto, lifue, kaa nalo kwenye kiti saa tatu, hapo ndo mtajuana.

Lenyewe lilikuwa hivi: pamba, kijani kibichi kilichopauka kidogo mabegani, maua meupe madogomadogo, kola, vifungo mbele mpaka kiunoni, kiuno kimebana halafu kuanzia hapo sketi inamwagika tu marinda kwa marinda. Nilipima upindo wa chini kuzunguka, karibu mita nne. Kuna siku nililitandaza kitandani nikalizunguka na futi ya fundi kama mtu anayepima kiwanja.

Muuzaji (wa mtandaoni, simtaji) aliandika kwa herufi kubwa GAUNI HALISI LA 1947 NEW LOOK. Alimaanisha lile onyesho la mbunifu wa mavazi Christian Dior pale Paris, tarehe 12 Februari 1947, kiuno chembamba sketi pana, ambalo Carmel Snow wa jarida la Harper's Bazaar ndiye aliliita hivyo na jina likaganda. Vita ndo kwanza imeisha, watu wamezoea vitambaa vya mgao, halafu anatokea mtu anamwaga mita na mita kwenye sketi moja, wengine walipenda kufa na wengine walikasirika kweli. Sasa shida ni kwamba ule mtindo uliendelea kuigwa miaka kumi na zaidi, kwa hiyo kuona sketi pana ukaandika 1947 ni sawa na kuona mtu mrefu ukasema lazima anacheza basketi.

Mi gauni likifika siliangalii kwa nje. Nje nimeshaona kwenye picha. Naligeuza ndani nje kwanza, hata kabla ya kunusa, maana nje gauni linaweza kujipaka poda lakini ndani halijui kudanganya. Na hili la kijani ndani lilikuwa zuri kuliko nje, sitanii. Mishono imekatwa kwa ule mkasi wa meno, kingo zina visigizaga, hamna ovaloki hata sehemu moja. Nafasi ya mshono pembeni imeachwa ya kutosha, zaidi ya sentimita mbili kila upande, nenda kaangalie blauzi uliyonunua juzi uniambie kumeachwa ngapi. Upindo wa chini mpana kama kiganja umepigwa kwa mkono, vile vishono ambavyo kwa nje huvioni kabisa. Zipu ya chuma ubavuni, upande wa kushoto, ipo chini ya kwapa. Na kiunoni kwa ndani kulikuwa na sehemu imewahi kupasuka ikashonwa na uzi mweusi, mweusi tiiii kwenye kitambaa cha kijani, mtu aliyekuwa na haraka zake. Nilimpenda huyo mtu papo hapo.

Halafu nikaona lebo. Ndogo, imejificha kwenye mshono wa pembeni, ya ILGWU, kile chama cha wafanyakazi wanaoshona nguo za kike Marekani kilichoanzishwa mwaka 1900. Hizi lebo kwa wanaokusanya ni kama kalenda iliyoshonewa ndani, walikuwa wanazibadilisha kila baada ya miaka kadhaa, ukikuta yenye nyekundu nyeupe na bluu hiyo ni kuanzia 1974. Yangu haikuwa na rangi hizo lakini ilikuwa na herufi za AFL-CIO. Na AFL na CIO yalikuwa mashirikisho mawili tofauti ya vyama vya wafanyakazi Marekani mpaka yalipoungana Desemba 1955! Yaani gauni la 1947 limejuaje kwamba miaka nane mbele hawa watu wataungana?

Nikamwandikia kwa upole tu: "Habari dada, gauni limefika salama na ni zuri sana, ila lebo inaonyesha limeshonwa kuanzia mwisho wa 1955, wewe uliandika 1947."

Akajibu: "Mpenzi, mwenyewe ni bibi mmoja, alinihakikishia alilivaa 1947."

Nikamtumia picha ya lebo na maelezo mistari miwili. Kimya. Siku ya tatu: "Pole mpenzi, mi huwa naandika alichoniambia aliyeniuzia. Nikurudishie theluthi ya hela ubaki nalo?" Nikasema sawa, na alirudisha kweli, siku hiyohiyo, hakuna kugombana. Kwa hiyo huduma nampa nyota tatu na nusu. Kufunga alifunga vizuri, gauni limekunjwa na karatasi laini katikati ili mikunjo isikatike. Nusu nyota nyingine ningempa kama angekuwa anageuza magauni yake ndani nje kabla ya kuandika mwaka.

Kwa akili yangu lile gauni ni la mwisho wa miaka ya 50 au mwanzo kabisa wa 60. Zipu za nailoni zilianza kuzagaa miaka ya 60, hili lina chuma. Lebo ya maelekezo ya kufua hakuna, na Marekani ilianza kuzilazimisha 1972. Ila msiamini kitu kimoja peke yake, zipu inabadilishwa na lebo inakatwa kwa sababu inawasha shingo, mi naangalia vitu vitatu vinne vikikubaliana ndo naandika mwaka.

Haya, kulivaa. Hapa ndo utamu wote.

Kwanza zipu ya ubavuni ni mtihani. Unaingilia kichwani mikono juu kama umekamatwa na polisi, na siku ya kwanza nilikwama hapohapo katikati, gizani, kijani kila upande, nacheka peke yangu. Meno ya chuma yalikuwa mazito, nikayasugua na mshumaa mweupe juu na chini, yakateleza. Pili, bila gagulo ndani sketi inanyong'onyea, unaonekana umevaa pazia. Weka gagulo moja tu lenye ugumu kidogo na gauni linaamka, kiuno kinaonekana chembamba hata kama si chembamba, na ukitembea kuna sauti, shwaa shwaa, mi ile sauti peke yake ningeilipia. Tatu, na hili hamna anayekwambia, dati za kifuani (vile vikunjo vilivyoshonwa kuipa nguo umbo) zimekatwa kwa zile sidiria za enzi hizo zilizochongoka kama koni, sasa ukivaa sidiria laini ya siku hizi pale mbele kunabaki vijinafasi viwili vitupu. Ukipumua vinaingia ndani. Nilivumilia.

Kiuno ndo kilinibana kweli. Mwezi wa kwanza nilikuwa nalivaa kwa kusimama tu, nikikaa nahesabu pumzi. Ndo nikakumbuka zile sentimita za pembeni, nikafumua mshono wa ubavu nikaachia kidogo, na nilipofumua nikakuta alama za mshono wa zamani zaidi, yaani kuna mtu kabla yangu ashaliachia tayari, pengine yuleyule wa uzi mweusi. Nikashona na uzi wa kijani kwa mkono, mshono wangu umekwenda upogoupogo lakini umeshika. Nguo ya siku hizi ukinenepa unaigawa. Hii iliachwa na nafasi makusudi, kana kwamba aliyeishona alijua mwili utabadilika na hakuona ni kosa.

Mabaya yake sasa. Kwapa. Magauni ya zamani yanafia kwapani, jasho linakula kitambaa polepole na huoni mpaka unyooshe mkono kuchukua kitu kabatini, praa. La kwangu nililisimamisha mbele ya dirisha mchana, mwanga ukapita, nikaona kwapa la kulia limekuwa jepesi kama chujio. Nikatengeneza vipedi vya pamba vya kupachika na kutoa, navifua vyenyewe, gauni linapumzika. Na harufu, ilikuwa ile harufu ya sanduku lililofungwa muda mrefu. Watu wa mavazi ya jukwaani hupulizia vodka ndani ya nguo, mi nilicheka nilipoambiwa halafu nikajaribu, harufu ikaondoka na vodka yenyewe haikubaki kunuka. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, rangi nyingine hazipendi pombe.

Kufua, hili ni pamba, nilibonyeza kitambaa cheupe chenye maji kwenye mshono wa ndani kuona kama rangi inatoka, haikutoka, nikafua kwa mkono maji baridi na sabuni laini, nikaanika kivulini limelazwa. Lakini usichukue habari hii ukaipeleka kwenye kila gauni. Mi nina kaburi moja moyoni, gauni la krepu ya reyoni la miaka ya 40, jeusi, mikono mifupi yenye mabega, nilivyokuwa mgeni nikalitumbukiza kwenye beseni kama fulana. Krepu ya reyoni ikilowa inasinyaa, lilitoka kule likiwa na ukubwa wa kumvalisha mdoli. Nililivuta, nikalipiga pasi nikilia, wapi. Bado ninalo, sijaweza kulitupa.

Kwa nini nikauza sasa? Kabati. Wakusanyaji wote wanaelewa, ukifika mahali unanunua henga kabla ya gauni ujue umepotea. Na pia nilianza kuliogopa, nalivaa huku nalinda kwapa, hiyo si raha tena. Nikasema liende kwa mtu mwembamba kuliko mimi ambaye hatalivuta.

Kuuza nako kuna raha yake ya ajabu, ila ni kazi. Namba ya kwenye lebo sikuitilia maanani kabisa, iliandikwa 14, na 14 ya wakati ule ni ndogo sana kuliko 14 ya sasa, mtu akinunua kwa namba lazima mgombane. Nikalilaza chali, nikapima kwapa hadi kwapa, kiuno, bega hadi kiuno, kiuno hadi upindo, nikaandika wazi kwamba ni vipimo vya gauni likiwa limelala, kifua na kiuno zidisha mara mbili na mwili wako uwe mdogo kidogo kuliko hapo, mnahitaji kupumua. Picha ya kwanza niliyoweka ni ya kwapa mbele ya dirisha. Rafiki yangu akaniambia shosti unajiharibia biashara. Halafu ndo nikaweka kola, maua, sketi imezunguka, lebo karibu kabisa, na mwaka nikaandika "kuanzia mwisho wa 1955, nadhani si zaidi ya mwanzo wa 60", basi.

Walikuja watu wa kuuliza bei ya mwisho, walikuja wa "nitakutafuta", mmoja akataka kulivaa siku moja apige picha arudishe. Siku ya tisa akaja dada mmoja, swali lake la kwanza: "Upindo una nafasi ya kushusha?" Nikajua huyu ndiye. Alilipa bei niliyotaja, iliyokuwa juu kidogo ya niliyonunulia mimi, na hiyo ni kabla hujahesabu ile theluthi niliyorudishiwa.

Gauni lenyewe nalipa nyota nne na nusu. Ile nusu imebaki kwapani.

Wiki iliyofuata usiku akanitumia picha, gauni liko kitandani kwake limegeuzwa ndani nje, kidole chake kinaonyesha kiunoni. "Samahani dada, huu mshono mweusi ni wako?"

Nikamjibu mweusi nimeukuta. Wangu ni ule wa kijani, uliokwenda upogo.