Slaidi za kununua ili tishu isibanduke

Umekata tishu vizuri kuwa vipande vyembamba vya darubini, umeviweka kwenye slaidi, umekausha, umechemsha kwenye bafa (kimiminika chenye pH thabiti), kisha unafungua chombo na kukuta kioo kitupu, tishu inaelea juu kama utando wa maziwa. Kama ilikuwa biopsi ya sindano, yaani kipande kidogo kilichochukuliwa kwa sindano, huenda hakuna tena cha kukata. Hivi ndivyo ninavyozipanga slaidi, kuanzia zilizo bora.

Ya kwanza ni slaidi zenye chaji chanya kutoka kiwandani, kama Superfrost Plus. Tishu ina chaji hasi, kwa hiyo hunasa bila gundi. Kwa kazi za kingamwili (kuonyesha protini fulani kwenye tishu kwa kutumia kingamwili), ambako slaidi huchemshwa, tena mara nyingi kwa pH 9, sioni za kuzishinda. Bei yake inauma, lakini kurudia kazi kunauma zaidi. Ila usitie jelatini wala gundi kwenye maji ya kutandazia vipande: utaifunika ile chaji uliyoilipia.

Ya pili ni slaidi za silani, APES, kemikali ya kunasisha tishu unayopaka mwenyewe: asilimia 2 ndani ya asetoni, suuza kwa asetoni, kisha kwa maji yaliyokenekwa, kausha. Kwa maabara yenye bajeti finyu na mikono yenye subira, hii ndiyo nafuu ya kweli. Nunua chupa ndogo, kwa sababu unyevu huiharibu, na fanyia kazi hiyo penye hewa, mbali na moto.

Poli-L-laisini, utando mwingine wa kunasisha tishu, ni ya tatu. Inatosha kwa rangi za kawaida na sampuli za seli, ila ikichemshwa haiaminiki sana.

Albumini ya yai na gliserini, mbinu ya Mayer ya 1883, naiweka mwisho. Ni rahisi, lakini yenyewe hunywa baadhi ya rangi na kuchafua mandharinyuma ya slaidi.

Kwa hematoksilini na eosini, rangi za kawaida za tishu, tishu iliyoandaliwa vyema hukaa hata kwenye slaidi za kawaida. Usinunue za chaji kwa kila kitu. Mbali na kazi za kingamwili, mfupa, ngozi na titi lenye mafuta ndivyo vinavyostahili gharama hiyo.

Na usilaumu kioo kabla ya kutazama ukaushaji. Simamisha slaidi maji yatiririke yote chini ya kipande, kisha nyuzi 60 kwa saa moja, au 37 usiku kucha. Kipande cha mikromita 3 au 4 hushika kuliko kinene.

Ukipata aina mpya, nunua boksi moja tu, weka kipande cha mfupa, uchemshe.