Mtambo wa DAF wa mita za ujazo 5 kwa saa: je, unakifaa kiwanda kidogo cha maziwa Nairobi?

DAF ni mtambo wa kusafisha majitaka kwa kuelesha uchafu juu kwa viputo vya hewa iliyoyeyushwa majini. Kifurushi tunachokitathmini hapa ni kile kinachouzwa sana kwa viwanda vidogo vya chakula vya Industrial Area na Athi River. Kina tangi la chuma cha pua, pampu ya kurudishia maji, kompresa ndogo, madumu mawili ya dawa, kikwaruzi cha juu na kabati la umeme. Muuzaji hukisifu kwamba kinamudu mita za ujazo 5 kwa saa. Watengenezaji ni wengi ila umbo ni lile lile, kwa hiyo tunayoyasema yanahusu aina hii ya mtambo kwa jumla.

Kwa kiwanda kinachopokea lita 20,000 za maziwa kwa siku, tunasema nunua, ila tenga kwanza pesa za tangi la kusawazisha majitaka, kisha ndipo utenge za mtambo. Bila tangi hilo, DAF ya bei yoyote ile itatoa maji yanayong'aa asubuhi na uchafu mtupu mafundi wakianza kuosha mitambo saa nane mchana.

Kazi yake ni hii. Pampu huchukua sehemu ya maji yaliyokwisha kusafishwa, kwa kawaida asilimia 20 hadi 30, na kuyashindilia hewa kwa shinikizo la bar 4 hadi 6. Maji hayo huachiliwa ghafla kupitia vali nyembamba chini ya tangi, na hewa iliyoyeyuka ndani yake hutoka kama viputo vya mikroni 30 hadi 100, vidogo mno kiasi kwamba maji hugeuka meupe kama yametiwa maziwa. Viputo hujishika kwenye mafuta na vibonge vya protini na kuvipandisha juu, kikwaruzi kikavisukumia kwenye kihori cha tope.

Kuna wanaouliza kwa nini mtego wa mafuta wa kawaida, ule wa zege wenye vyumba vitatu, usitoshe. Kwa jikoni ya wafanyakazi unatosha. Kwa maziwa yaliyopita kwenye homojenaiza hautoshi kamwe, kwa sababu chembe zake za mafuta zimepasuliwa hadi chini ya mikroni 2 na haziwezi kupanda zenyewe hata uzingoje siku nzima. Maji yanapita mtegoni na mafuta yake yote, kisha mafuta yale yanakuja kuganda kwenye bomba la mtaa.

Sasa hesabu inayopaswa kufanywa kabla ya kumpigia muuzaji simu. Lita moja ya maziwa ina takriban gramu 100 za BOD, yaani oksijeni ambayo vijidudu vitaitumia kumeng'enya uchafu huo kwa siku 5. Kiwanda cha lita 20,000 kikipoteza asilimia 1 tu ya maziwa sakafuni na kwenye mabomba, hizo ni lita 200, sawa na kilo 20 za BOD. Kikitumia lita 2 za maji kwa kila lita ya maziwa, majitaka ni mita za ujazo 40 kwa siku. Gawanya: miligramu 500 kwa lita. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliweka kiwango hicho hicho cha 500 kuwa kikomo cha BOD kwa majitaka yanayoingia kwenye mabomba ya umma, pamoja na COD (oksijeni inayohitajika kuunguza uchafu kwa kemikali) 1,000, chembe ngumu zinazoelea ndani ya maji 250, pH (kipimo cha utindikali au ubesi) kati ya 6 na 9, na joto la nyuzi 20 hadi 35. Asilimia moja ya maziwa imekula nafasi yako yote, hata kabla ya kuhesabu sabuni.

Kanuni hizo zilibana mafuta zaidi: miligramu 10 kwa lita ambapo majitaka husafishwa kwa mitambo ya kawaida, na 5 ambapo husafishwa kwenye mabwawa. Sehemu kubwa ya majitaka ya Nairobi huishia Ruai, kwenye mabwawa. Tabaka la mafuta juu ya bwawa huzuia mwanga na hewa, mwani hufa, na bwawa zima hunuka. Kikomo hicho hakikuwekwa kumkomoa mwenye kiwanda.

DAF yenye dawa iliyopimwa vizuri huondoa mafuta na protini kwa kiasi kikubwa sana. Sukari ya maziwa haiigusi. Laktosi imeyeyuka, haina cha kushikwa na kiputo, na ndiyo maana BOD hupungua kwa karibu nusu tu, pengine zaidi kidogo. Muuzaji akikuahidi kupunguza BOD kwa asilimia 95 kwa DAF peke yake, mwambie aiandike ahadi hiyo kwenye mkataba. Mtu anayetaka kumwaga mtoni anahitaji hatua ya vijidudu baada ya DAF, kwani kanuni hizo ziliweka BOD 30 kwa maji yanayoingia kwenye mazingira. Mto Ngong unapita nyuma ya viwanda vya Industrial Area, na watu wa Mukuru wanaishi kwenye kingo zake. Hakuna kisingizio cha kupeleka bomba huko usiku.

Tangi la kusawazisha, basi. Majitaka ya maziwa huja kwa vishindo. Uoshaji wa mabomba huanza na kostiki soda ya asilimia 1 hadi 2 kwa nyuzi 70 hadi 80, na majitaka hupanda hadi pH 12. Saa moja baadaye inakuja tindikali ya nitriki na pH inashuka hadi 2. Dawa za DAF hufanya kazi vizuri kati ya pH 5.5 na 7, kwa hiyo hakuna fundi anayeweza kuzungusha kitufe haraka kiasi hicho. Kwa kiwanda cha mfano wetu, matangi mawili ya plastiki ya lita 10,000 yaliyounganishwa chini yanatosha: kostiki na tindikali hukutana humo na kuuana zenyewe, maji ya moto hupoa, na mtiririko unaoruka hadi mita za ujazo 12 kwa saa hushuka hadi 4 au 5. Koroga kwa hewa usiku na mchana, na usiyalaze zaidi ya siku moja, maana maziwa huchacha ndani ya saa chache na pH huanza kushuka yenyewe. Mafuta ya maziwa huyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 36. Maji yakiingia kwenye DAF yakiwa na joto hilo, mafuta hupita kama majimaji, kisha huganda mbele ya safari.

Kabla ya tangi weka chujio la ngoma lenye matundu ya milimita 0.5 hadi 1. Vipande vya plastiki vya pakiti na vifuniko ndivyo vinavyoziba vali ya kuachilia shinikizo, na vali hiyo ndiyo kidonda cha mitambo hii yote.

Tuje kwenye mtambo wenyewe. Cha kwanza, chukua utepe upime. Sehemu ya kuelea ikiwa na urefu wa mita 1.5 na upana wa mita 1, eneo ni mita za mraba 1.5. Mita za ujazo 5 za majitaka pamoja na 1.5 za maji yanayorudishwa ni 6.5; ukigawa kwa eneo unapata mwendo wa mita 4.3 kwa saa. Hapo ni salama kwa mafuta ya maziwa. Kuna matangi ya mita za mraba 0.8 yanayouzwa kwa maandishi yale yale ya "5 kwa saa". Hayo hukimbiza maji kwa mita 8 kwa saa na kuvuta vibonge hadi kwenye bomba la kutokea. Hilo ni tangi la mita za ujazo 3 kwa saa lililobandikwa kibandiko kikubwa.

Cha pili ni mwinuko wa Nairobi, jambo ambalo makaratasi ya mauzo hayalitaji. Tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Mota nyingi za umeme huhesabiwa nguvu kwa mwinuko usiozidi mita 1,000, na juu ya hapo hewa nyepesi haizipoozi ipasavyo, kwa hiyo mota iliyokadiriwa kufanya kazi ukingoni mwa uwezo wake itaungua. Agiza saizi inayofuata juu. Pampu nayo hupoteza karibu mita 2 za uwezo wa kuvuta, hivyo iwekwe chini kuliko usawa wa maji, bomba la kuvutia liwe fupi na pana. Ukisikia pampu inakwaruza kama imemeza kokoto, inavuta mvuke na panga zake zinalika.

Cha tatu, kompresa iwe isiyotumia mafuta. Ni ajabu kuona kifaa cha kuondoa mafuta kikipuliziwa mafuta.

Kuna kipimo kimoja cha kuuliza mtambo kama una afya, nacho hakihitaji maabara. Chota yale maji meupe kutoka kwenye kibomba cha kuchukulia sampuli, uyatie kwenye chupa ya kioo yenye kina cha sentimita 20, ushike saa. Kiputo cha mikroni 50 hupanda kama sentimita 8 kwa dakika, kwa hiyo weupe unapaswa kuondoka polepole kuanzia chini, kwa dakika 2 na zaidi. Maji yakisafika kwa sekunde 10 au 20, viputo ni vikubwa: vali imeziba au imelika, au shinikizo limeanguka. Viputo vikubwa huvunja vibonge badala ya kuvibeba. Fungua vali, isafishe, pima tena kabla ya kugusa dawa. Makosa mengi huanzia hapo: maji yakitoka machafu fundi huongeza dawa, dawa huongeza tope, na shida ya vali inabaki pale pale.

Dawa ipimwe kwa chupa sita za lita moja za majitaka ya siku hiyo. Anza na kloridi ya feri au dawa ya alumini ya polima, miligramu 100 chupa ya kwanza, ukipanda hadi 300 au zaidi, ukirekebisha pH kwa kostiki. Koroga kwa nguvu dakika 1, tia polima (dawa ya kuunganisha vibonge) miligramu 2 hadi 5, koroga taratibu dakika 5 hadi 10. Chagua kipimo kidogo kabisa kinachoacha maji yanayoonekana ng'ambo. Shabu hufanya kazi pia na ni rahisi kupata, ila tope lake huwa jepesi na lenye maji mengi. Kwa miligramu 200, kiwanda chetu cha mfano kitatumia kilo 8 kwa siku. Polima kwa miligramu 3 ni gramu 120 tu. Polima ya unga ichanganywe gramu 1 kwa lita, ikinyunyizwa kidogo kidogo juu ya maji yanayozunguka, kisha iachwe dakika 45 ifunguke. Ukiimwaga yote kwa pamoja unapata madonge ya utelezi yanayoziba pampu ya dawa. Na baada ya polima pasiwe na pampu ya kasi hata moja, kwani itasaga kila kibonge ulicholipia.

Stima ikipotea, shinikizo huisha na tope lililokuwa juu huanza kuzama. Inaporudi, usifungulie majitaka. Fungua vali ya chini utoe kilichotua, endesha mzunguko wa maji safi na hewa mpaka weupe urudi, kisha majitaka kwa nusu mtiririko, kisha dawa kwa kipimo chake. Hiyo ni kazi ya dakika 20 hadi 30. Kabati la umeme la vifurushi vingi hujiwasha lenyewe na kuingiza kila kitu kwa pamoja. Mwambie fundi wa umeme alibadilishe.

Maji yaliyotoka kwenye DAF yasirudishwe kuosha chochote kinachogusa chakula. Akiba ya maji iko kwingine: mpira wa maji ulioachwa wazi hutoa lita 20 hadi 40 kwa dakika, kwa hiyo dakika 10 ni mitungi 10 hadi 20 ya lita 20. Bastola ya kufunga mwishoni mwa kila mpira, mita ya maji kwa kila idara, na kuhifadhi maji ya suuza ya mwisho yatumike kwa suuza ya kwanza kesho hupunguza kazi ya DAF na pia ankara, maana malipo ya majitaka huhesabiwa kutokana na maji yaliyoingia. Mwezi wa mgao, ndizo safari za boza ambazo hutazilipia. Maziwa yanayosukumwa kutoka kwenye mabomba mwanzo wa kuosha yakingwe kwenye ndoo yaende kwa wafugaji wa nguruwe.

Tope ndilo linalosahaulika siku ya kununua. Ukiondoa kilo 1 ya uchafu mkavu kwa kila mita ya ujazo, ni kilo 40 kwa siku, na kwa kuwa tope la DAF lina ukavu wa asilimia 4 hivi, utakuwa na mita ya ujazo 1 nzima kila siku. Weka tangi la lita 5,000 na mkataba na eksosta (lori la kunyonya majitaka) yenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, na udai karatasi inayoonyesha lilikomwagwa. Kikwaruzi kizunguke kwa vipindi, dakika 1 kila baada ya 15, ili tope likauke kidogo juu kabla ya kuvutwa. Kikizunguka bila kupumzika unalipa eksosta kubeba maji.

Kwenye mkataba, zuia asilimia 20 ya malipo mpaka sampuli za siku 5 za kazi, zilizochotwa kidogo kidogo kila saa mchana kutwa zikiwemo saa za kuosha, zitoke kwenye maabara iliyotambuliwa na NEMA zikiwa ndani ya vikomo. Vali mbili za akiba za kuachilia shinikizo na sili moja ya pampu viwe ndani ya sanduku siku mtambo unaposhushwa.